Tone la Rangi ya Kucha

Kila asubuhi Msumari aliamka kabla ya jogoo wa jirani, akakunja shuka lake, akajaza ndoo mbili, akafagia uwanja, kisha akabandika chai. Jina hilo la Msumari alipewa na bibi yake mzaa mama, kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa mwembamba. Pili, ukimgonga kichwani alizidi kuzama palepale alipokusudia. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina lake la cheti lilikumbukwa na daftari la mahudhurio peke yake.

Asubuhi moja mama yake alionja chai, akakunja uso.

"Mwanangu, umetia chumvi."

Msumari alikuwa amekwisha kumaliza kikombe chake. Akakitazama ndani. "Sikuhisi," akasema.

Mama akaimwaga chai yake uani. Alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, na alijua kila doa na dawa yake. Lakini lililomshika mwanawe hakuwa na sabuni yake. Tangu Bibi azikwe, miezi miwili sasa, Msumari hakuwa amelia hata tone. Akiletewa chakula alikula. Wenzake wakicheka, alicheka. Akiulizwa, alijibu. Ila yote hayo aliyafanya kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi: unauona ni wako, lakini ukiufinya husikii kitu.

Pembeni mwa sebule, juu ya kigoda, palikuwa na sanduku la mbao lenye matundu matatu usoni. Mama alipopita kwenda kazini alilipangusa vumbi kwa ncha ya kanga. Msumari alilipita kama anavyopita ukuta.

Sanduku hilo lilianza hivi. Bibi alifanya kazi miaka thelathini kwenye karakana ya samani. Mwenyewe alisimulia kwamba aliwahi kutengeneza kabati kubwa mno, mnunuzi akaingia ndani kulipima, akapotea siku mbili, wakamkuta kwenye droo ya tatu akiuliza njia. Msumari hakuamini hata siku moja, na hata siku moja hakuacha kuomba asimuliwe tena.

Uzeeni masikio ya Bibi yalianza kuziba. Ukimsemesha taratibu, alikujibu habari ya jana. Siku moja alisimama nje ya duka la kinyozi, akaegemeza mgongo kwenye ukuta, akatabasamu. Ndani, muziki ulikuwa unapiga.

"Masikio yangu yamestaafu," akamwambia mjukuu wake, "lakini kifua bado kiko kazini. Huo mlio wa chini, hiyo besi, naisikia hapa." Akajigonga kifuani. "Sasa wewe na mimi tutatengeneza spika yetu. Isiyo na waya, ya kuunganisha na simu ya mama yako. Na iwe na kifua!"

Wakachora mchoro nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Mbao zilitoka kwenye mlango wa kabati kuukuu. Bibi alipima, Msumari akakata kwa msumeno. Msumari alitoboa, Bibi akapiga msasa. Matundu mawili makubwa yalikuwa ya spika zenyewe, na tundu la tatu, dogo, chini kabisa, Bibi aliliita tundu la kupumulia. Kila kiungo walikitia gundi, kisha wakapitisha mshumaa taratibu pembezoni kuona kama mwali utatikisika.

"Sanduku la spika ni kama mdomo wa mwenye siri," Bibi alisema. "Likivuja padogo tu, kwisha habari yake."

Halafu kulikuwa na kichupa. Kilikuwa kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu kama pilipili, na Bibi hakuwahi kupaka kucha hata moja. Alikinunua kwa ajili ya alama. Macho nayo yalikuwa yanafifia, basi kila kitu alichotaka kukitambua alikitia tone: ufunguo wa mlango wa nyuma, kifuniko cha sukari kisije kikachanganywa na cha chumvi, chupa ya dawa ya asubuhi. Hata kobe wa jirani alimtia tone mgongoni, apate kumjua yule mwizi wa mboga zake. Na katika kazi ya umeme alikuwa na sheria moja isiyo na msamaha: kabla ya kulehemu waya wowote, tafuta upande wa kujumlisha, yaani chanya, utie tone, ungoje likauke.

"Bibi, rangi ya waya si inatosha? Mwekundu si mwekundu?"

"Waya una rangi. Pale unapokwenda kushika hapana rangi, pana kutu. Tia tone. Na ukiwa na haraka, kalale kwanza."

Spika ya kwanza ilitoka kwenye runinga mbovu. Waliitia tone, wakailehemu kwenye kibao kidogo cha kupokea sauti ya simu, wakaikaza kwa skrubu nne, wakaijaribu, ikapiga. Ya pili ilikuwa haijapatikana. Wiki iliyofuata Bibi alilala mchana kama kawaida yake, na safari hiyo hakuamka.

Kinyozi ndiye aliyeileta ya pili, wiki tatu baada ya maziko. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ileile, naye alikuwa amemzoea Bibi mpaka akamwita mama mkwe, ingawa hakuwa ameoa kwao wala kokote.

"Chukua, Msumari," akasema. "Nimeitoa kwenye redio yangu iliyokufa kwa uzee. Mama mkwe alinipigia kelele kwa ajili yake, sasa kanyamaza, nami nasikia vibaya."

Msumari alipokea, akashukuru, akalehemu siku hiyohiyo. Sehemu mbili za kushikia waya kwenye spika hiyo zilikuwa na kutu, alama hazisomeki. Kichupa kilikuwa dirishani. Alikitazama. Hakunyoosha mkono. Akashikisha waya mmoja upande huu, mwingine upande ule, basi. Akafunga kile kibao kidogo cha kupokea sauti kutoka kwenye simu, akaweka betri, akakaza mgongo wa sanduku, akawasha.

Mlio uliotoka ulikuwa mwembamba, kama mbu aliyefungiwa kwenye kopo. Cha ajabu, spika mbili zilikuwa na nguvu kidogo kuliko ile moja waliyoijaribu na Bibi. Besi haikuwapo kabisa. Msumari alizima, akalirudisha sanduku kwenye kigoda. Hakuudhika. Hata kuudhika kunataka mwenye nyumba awepo nyumbani.

Alhamisi moja mwalimu wa sayansi aliingia darasani na orodha ya maonyesho ya kazi za mikono, yatakayofanyika Jumamosi mbele ya wazazi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti nzito ya kuamuru na sauti mbaya ya kuimba. Ile ya kwanza ilijulikana na shule nzima. Ya pili ilikuwa bado siri.

"Namba saba," akasoma. "Spika isiyo na waya, kazi ya Msumari na marehemu bibi yake. Ipo tayari?"

"Ndiyo, mwalimu," Msumari akajibu. Maneno yalitoka yenyewe, kama maji kwenye bomba bovu.

Wakati wa mapumziko rafiki yake, msichana aliyeitwa Kasuku kwa kutoweza kunyamaza, alimshika mkono. "Kumbe umemaliza! Inapiga?"

"Inapiga."

"Inatikisa?"

"Inatikisa."

Mvulana mmoja aliyekuwa akitengeneza tochi ya kopo akadakia, "Spika ya mlango wa kabati! Mkiiwasha zitatoka nguo za bibi yake."

Wote wakacheka. Msumari naye akacheka. Kasuku alimtazama, akaacha kucheka kabla ya wengine.

Sasa, lazima tuseme habari ya spika ya kinyozi. Ilikuwa ya dukani, nyeusi, nene kama chupa kubwa ya maji, na ndiyo iliyokuwa roho ya biashara yake. Wateja waliokaa kitini waliunganisha simu zao wakasikiliza walichopenda, na kinyozi aliapa kwamba kuna mzee alinyolewa mara tatu kwa siku moja kwa ajili ya nyimbo tu, mpaka zikabaki nyusi. Soketi ya dukani ilikuwa imeungua, hivyo kila jioni kinyozi alibisha mlango wa ndani, akaiweka spika juu ya meza ya sebuleni ichajiwe, na asubuhi akaja kuichukua. Hakuna aliyewahi kumwandikia hati wala kuihesabu. Ilikuwa desturi ya nyumba.

Ijumaa jioni aliiweka kama kawaida. "Mteja wangu wa mwisho leo amenimaliza mbavu," akasema, "lakini siri ya mteja ni kama nywele zake, ikianguka nafagia. Msumari, kesho nitafunga duka saa nne nije shuleni kwenu. Nilimwahidi mama mkwe."

"Sawa," Msumari akasema.

Jumamosi alipoamka, alifungua mgongo wa sanduku kwa bisibisi. Akatoa betri na kibao cha kupokea sauti, akaviweka chini ya kitanda. Akaichukua ile spika nyeusi mezani, akaitumbukiza. Iliingia kama iliyopimwa. Swichi yake ilikaa sawasawa na tundu la kupumulia, unaifikia kwa kidole. Akakaza skrubu. Kidole gumba kilikwaruzika kwenye ukingo, damu ikatoka kidogo. Aliitazama kama damu ya mtu mwingine.

Saa moja kinyozi akabisha. Mama alikuwa mlangoni, mkoba begani.

"Shemeji, hujambo? Nimekuja kumchukua mtoto wangu."

Mama akageuka kwenye meza. Hapakuwa na kitu ila waya wa kuchajia, unaning'inia. "Jamani! Ilikuwa hapa. Msumari, umeiona spika ya kinyozi?"

"Sijaiona, mama."

Mama akaenda dirishani, akarudi, mkono mdomoni. "Ni mimi. Jana joto lilizidi, nikaliacha dirisha wazi. Mungu wangu, ni mimi niliyeliacha wazi."

"Usijilaumu, shemeji," kinyozi akasema. "Itakuwa imekwenda kutembea. Ina miguu ya kutosha." Lakini mzaha ule ulianguka katikati ya njia. Alisimama kidogo akiutazama waya, akakuna kidevu, akaenda kufungua duka lake bila muziki.

Mama aliondoka kwenda kazini akiwa bado anatikisa kichwa. Msumari aliona mabega yake yalivyoinama barabarani. Alijua kwamba hapo ndipo mtu angetakiwa kuhisi kitu. Alingoja. Hakikuja. Akalibeba sanduku, akaenda shuleni.

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na ndege wa waya, jiko la udongo, tochi ya kopo iliyowaka ukiipiga kofi, na wazazi waliosifu kila kitu kwa maneno yaleyale. Mwalimu wa sayansi alipita meza kwa meza na kalamu. Kasuku alikuwa amejiteua kuwa mpiga debe wa meza namba saba.

"Njooni, njooni! Imetengenezwa nyumbani, kuanzia ubao mpaka skrubu! Mikono miwili ya bibi, miwili ya mjukuu!"

Kinyozi aliingia saa nne na dakika chache, taulo bado begani, akasimama nyuma karibu na mlango. Msumari alimwona. Akakwepesha macho.

"Haya, namba saba," mwalimu akasema. "Washa, kisha nitakupa kishikwambi cha shule uunganishe."

Msumari akapenyeza kidole kwenye tundu la kupumulia, akabonyeza. Sanduku likatoa mlio mfupi wa kuamka, ti-ri-ri. Likanyamaza. Halafu, kabla hajashika kishikwambi wala chochote, likafunguka koo na kuanza kuimba.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, iliyoupandia wimbo wa harusi kama mtu anayepandia ukuta wenye vigae. Ikafika juu, ikateleza, ikashuka na vumbi. Katikati ikakohoa, ikasema, "Ah, tuanze tena," ikaanza tena.

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama mwalimu wa sayansi. Mwalimu alikuwa anajipapasa mfukoni kama mtu aliyeingiliwa na siafu. Alipoitoa simu, wimbo ulikuwa umefika ubeti wa pili. Akaubonyeza kimya. Wazazi walikuwa wamejifunika nyuso. Mvulana wa tochi alikuwa chini ya meza.

"Ni mazoezi," mwalimu akasema, "ya harusi ya dada yangu." Kisha akaisoma simu yake, akalitazama sanduku, akaisoma tena. Kicheko cha watu kilikuwa bado kinaendelea, lakini uso wake ulikuwa umebadilika. Akainama mpaka akawa sawa na Msumari, akasema taratibu:

"Mwanangu, simu ni kama mtoto mchanga. Haimrukii mgeni. Mara ya kwanza lazima uitambulishe, wewe mwenyewe, kwa mkono. Hii yangu imelirukia sanduku lako kama jamaa yake. Imelijulia wapi?"

Msumari akakiondoa kidole kwenye tundu.

"Jana jioni nilikuwa nanyolewa," mwalimu akaendelea, taratibu zaidi. "Nilikuwa mteja wa mwisho. Nilijisikiliza kwa rekodi hii kwenye spika ya kinyozi, nikaikatiza kabla hata ya kikohozi."

Kasuku alifungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya shule ile.

Msumari angeweza kusema lolote. Angeweza kusema hajui, maana ndilo neno alilolizoea. Akainua macho, akamwona kinyozi kule mlangoni. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameishika ncha ya taulo lake na kuikunja, na kuikunjua, na kuikunja, kama mtu anayetafuta pa kuweka mikono. Na Msumari akakumbuka mabega ya mama yake barabarani.

Akaomba bisibisi. Skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akauondoa mgongo wa sanduku mbele ya watu wote, akaitoa ile spika nyeusi, akaiweka mezani.

"Si kazi yangu," akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Ni ya kinyozi. Niliichukua leo asubuhi. Mama aliponiuliza nikasema sijaiona. Ile tuliyotengeneza na Bibi haipigi vizuri."

Hakuna aliyecheka. Kinyozi alikuja mbele polepole, akaichukua spika yake, akaipangusa kwa taulo.

"Nilijua tangu ti-ri-ri," akasema. "Mtu haisahau sauti ya mtoto wake." Akasita. "Nimefunga duka, Msumari. Nimemwacha mteja na upande mmoja wa kichwa, nije kuisikia kazi ya mama mkwe. Hiyo ndiyo niliyoifuata. Hii yangu naisikia kila siku."

Akatoka. Mwalimu akachora mstari kwenye namba saba.

"Kwa leo huna alama," akasema. "Ila nataka kuisikia hiyo mbaya. Inalia vipi?"

"Kama mbu. Besi hakuna. Ni mbili, lakini zinalia kidogo kuliko moja."

Mwalimu alinyanyua nyusi zote mbili. "Mbili zinalia kidogo kuliko moja? Basi haijafa, inagombana. Nenda nyumbani, utoe betri kwenye saa ya ukutani. Uguse spika moja moja, haraka haraka, uangalie ngozi yake, ile karatasi ya mbele, inakwenda wapi. Usiniletee jibu ninalolijua mimi. Jumatatu uniletee uliloliona."

Jioni ile Msumari alimwambia mama yake mwenyewe, kabla hajasikia kwa mwingine. Mama alikaa kitini, viatu vya kazini bado miguuni.

"Siku nzima nimelilaumu dirisha," akasema. "Kila shuka nililofua, dirisha. Umeniacha nibebe mzigo ambao haukuwa wangu, nawe ukiuona."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Kesho tutakwenda wote wawili dukani, utamwomba radhi kinyozi uso kwa uso. Pale ukumbini ulisema ukweli, lakini radhi hukuomba."

Ilikuwa hivyohivyo. Jumapili mchana duka lilikuwa tupu. Msumari aliomba radhi akiwa amesimama wima, macho kwa macho, kama mama alivyomwelekeza. Kinyozi alisikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza.

"Nimepokea," akasema. "Dirisha nalo umeliomba radhi?"

Mama akacheka kidogo, akajifuta jicho.

Kisha kinyozi akaona sanduku mikononi mwa mama. "Haya, hilo ndilo lenyewe. Liweke hapa kitini, tulinyoe."

Msumari akaeleza aliyoagizwa na mwalimu. Kinyozi akaishusha saa ya ukutani, akaitoa betri. Mishale ikakoma kwenye saa tisa na dakika kumi. "Nimekusimamishia dunia," akasema. "Fanya haraka, wasije wakanidai."

Msumari alifungua mgongo, akazifungua nyaya. Alianza na spika ya kwanza, ile yenye tone jekundu. Upande wa kujumlisha wa betri kwenye tone, upande wa kutoa kwenye mwenzake. Tuk! Ngozi ya spika ikaruka nje.

"Imesukuma," mama akasema, ameinama karibu.

Akaja kwenye ya pili. Akaugusisha upande wa kujumlisha wa betri pale alipokuwa amelehemu waya mwekundu. Tuk. Ngozi ikazama ndani.

Akarudia. Ikazama. Akageuza. Ikaruka nje.

"Hii inasukuma, ile inavuta," Msumari akasema. "Wakati uleule."

"Kama watu wawili wanaopitisha meza mlangoni," kinyozi akasema, "mmoja yuko ndani anavuta ndani, wa pili yuko nje anavuta nje. Wote wana nguvu, na meza haitoki."

Msumari aliiweka betri chini. Akaona wazi siku ile: kutu, nyaya mbili, kichupa dirishani. Haikuwa spika mbovu. Lilikuwa kosa lake, na kosa hilo lilikuwa limekaa humo ndani wiki zote hizi, dogo, rahisi, likingoja mtu afungue kisanduku aangalie.

"Mama," akasema, "naomba niletewe kichupa cha Bibi."

Mama alikwenda ndani, akarudi nacho. Kifuniko kilikuwa kimeganda. Msumari akakizungusha kati ya viganja kama Bibi alivyofanya, akakivuta, kikafunguka. Harufu ikapanda, kali, ya kuwasha pua. Akatia tone moja, mahali ngozi iliporuka nje.

"Sasa tunangoja likauke," akasema.

"Tunangoja," kinyozi akakubali, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaikunja mikono yake. Hata saa ilikuwa imenyamaza.

Tone lilipokauka, Msumari akatenganisha nyaya, akazibadilisha, akalehemu upya. Mwekundu kwenye tone. Akarudisha kibao na betri, akakaza skrubu zote, akaliweka sanduku mapajani, akalikumbatia ili lisidondoke. Mama akaunganisha simu yake, akachagua wimbo aliokuwa anaupenda Bibi, akabonyeza.

Mlio wa kwanza haukuja masikioni. Ulikuja kifuani. Mbao zile za kabati kuukuu zikatetemeka, na mtetemo ukapita kwenye mbavu za Msumari, mmoja, halafu mwingine, halafu mwingine, kama mtu anayebisha mlango kwa ngumi laini na hana nia ya kuondoka. Vikombe vya kinyozi vya kuwekea brashi vikaanza kugongana rafuni.

"Mama mkwe!" kinyozi akasema. "Ina kifua!"

Msumari alifungua mdomo ajibu, na badala ya jibu kikatoka kilio. Alilia akiwa amelikumbatia sanduku, kamasi na machozi, kwa sauti, bila haya, kilio cha miezi miwili. Kidole gumba alichokwaruza jana kilianza kumuuma. Mama alipiga magoti, akamshika yeye na sanduku kwa pamoja, wala hakumwambia anyamaze. Hakuna aliyezima wimbo.

Ulipokwisha, kinyozi alimpa taulo safi.

"Sasa sikiliza, Msumari, maana mimi husema mengi ila la maana hulisema mara moja kwa mwaka. Kuunganisha waya kinyume si aibu. Umeufungua, umeuona, umeugeuza, dakika tano. Lakini ulipoificha yangu ndani ya yako, ulijifungia mlango wa kulifikia kosa lako mwenyewe. Ungeweza kusifiwa, upewe na zawadi, na hii yako ingebaki bubu mpaka leo. Kazi yako mbaya ikikaa wazi, kuna siku utaitengeneza. Ukiifunika kwa nzuri ya mwenzako, hutaitengeneza kamwe."

"Na ukiumwa, sema," mama akaongeza taratibu. "Hata kama hujui unaumwa wapi. Hata kusema 'sihisi kitu' ni kusema. Tungekugusa moja moja, mpaka tuone wapi pamezama."

Msumari akaitikia kwa kichwa. Akaichukua betri, akairudisha kwenye saa, akaisogeza mishale kwa kumuuliza mama wakati. Dunia ikaendelea.

Jioni, alipokuwa anabandika chai, alionja sukari kwa ncha ya ulimi kabla ya kuitia. Mlango wa ndani ukabishwa. Kinyozi aliingia, akaiweka ile spika yake nyeusi juu ya meza ya sebuleni, akachomeka waya.

"Soketi yangu bado mbovu," akasema, akatoka zake.